Anayejua Kuhesabu Karata Hufukuzwa. Wewe Mbona Unakaribishwa?



Wengi wenu mnajua kwamba ninapotembelea kikundi, ajenda ninayoiogopa ni ile ya mwisho, "Mengineyo". Mambo ya katiba, vitabu vya hesabu na uchaguzi hupita vizuri, halafu kwenye mengineyo mtu anasimama na kulipua bomu. Ndivyo ilivyokuwa nilipokuwa na kikundi kimoja cha vijana hapa Dallas, Embu. Ni vijana wanaoosha magari na pikipiki. Walikuwa wameweka akiba kidogo kidogo, shilingi 50 kwa siku kila mmoja, mpaka ikafika 64,000. Nia ilikuwa kununua mashine ya kuoshea kwa maji ya nguvu, na tangi.

Basi kijana mmoja akasimama, mpole tu, akatoa pakiti ya karata mfukoni. Akasema, "Mwalimu, mimi sitaki kikundi kibeti. Kubeti ni kubahatisha. Mimi nataka kuhesabu." Akaeleza kwamba alitazama sinema ya wanafunzi wa Marekani waliohesabu karata wakashinda kasino mamilioni. Tangu hapo amefanya mazoezi miezi sita usiku akimaliza kazi. Akaomba kikundi kimpe 40,000 aende kasino moja Nairobi, na faida wagawane nusu kwa nusu. Nilitazama nyuso za wenzake. Karibu nusu walikuwa tayari kupiga kura hapo hapo.

Niliomba wiki mbili. Mimi ni mtu wa ustawi wa jamii, si mwanahesabu, na hesabu za diploma zilinitosha kujaza fomu za wafadhili tu. Lakini niliona si vizuri kumwambia "kamari ni mbaya, kaa chini", kwa sababu hilo amelisikia tangu utotoni na halijibu swali lake. Nikaenda kusoma, nikamsumbua na mwalimu mmoja wa hesabu wa sekondari. Niliporudi, jambo la kwanza nililowaambia ni kwamba kijana hakusema uongo. Kuhesabu karata kupo, na kuna watu walioshinda kasino kwa njia hiyo. Sasa nieleze kwa kirefu, maana tangu siku hiyo vikundi vingine viwili, kimoja Runyenjes na kingine upande wa Meru, vimeniuliza swali lile lile.

Mchezo wenyewe

Mchezo unaitwa blakijeki, au ishirini na moja. Unacheza dhidi ya mgawaji, yaani mwajiriwa wa kasino, na wachezaji wenzako pale mezani si washindani wako. Kila karata ina thamani ya namba yake. Jeki, Kwini na Kingi ni 10. Esi ni 1 au 11, upendavyo. Unapewa karata mbili, unaweza kuongeza moja moja, na lengo ni kukaribia 21 kumpita mgawaji bila kuvuka. Mgawaji hana uhuru wowote. Sheria inamlazimu aendelee kuchukua mpaka afike 17, kisha asimame.

Sasa kasino inapata faida wapi? Hapa watu wengi hawaoni. Wewe unacheza kwanza. Ukivuka 21, dau lako linachukuliwa mara moja, hata kama mgawaji naye angevuka baadaye. Mkivuka wote wawili, umepoteza wewe. Ni kama ng'ombe wenu wawili wameingia kwa shamba la jirani, lakini faini unalipa wewe peke yako kwa sababu wako aliingia mbele. Basi hapo tu ndipo nyumba ya kasino inapojengwa.

Wanajeshi wanne wa Marekani waliokuwa na elimu ya hesabu walikaa na mashine za kuhesabia za mezani wakatafuta namna bora ya kucheza kila mkono, wakaichapisha mwaka 1956. Ukiifuata bila kukosea, na sheria za meza zikiwa nzuri, kasino inabaki na faida ya kama nusu shilingi kwa kila shilingi 100 unazoweka. Mchezaji wa kawaida, anayefuata moyo wake, anapoteza shilingi mbili au zaidi kwa kila mia. Ni kidogo, sivyo? Lakini kumbuka meza moja inaweza kugawa mikono kama 80 kwa saa, na zile mia zinazunguka na kuzunguka. Kasino haihitaji kukunyang'anya. Inakaa tu, kama kile kipimo cha mnunuzi kinachopunja nusu kilo kila gunia.

Karata zina kumbukumbu

Michezo mingine ya kasino haikumbuki kitu. Gurudumu la ruleti likisimama kwenye nyekundu mara tano, mara ya sita halijui yaliyopita. Mashine za kutumbukiza sarafu ni hivyo hivyo. Wale wanaokaa na kusema "sasa imekaribia kutapika" wanajidanganya.

Blakijeki ni tofauti, na hapo ndipo kijana wetu alipokuwa na haki. Karata iliyokwisha kutoka haitarudi mpaka pakiti ichanganywe tena. Kwa hiyo zilizobaki hubadilika. Zikibaki nyingi za 10 na Esi, mchezaji ana nafuu, kwa sababu mbili. Kwanza, Esi na 10 zikikuangukia pamoja unalipwa moja na nusu ya dau, ilhali mgawaji akizipata haongezewi. Pili, mgawaji aliye na 14 au 15 analazimika kuchukua tena, na akichukua 10 amevuka, lakini wewe ungeweza kusimama. Zikibaki nyingi ndogo, mambo yanageuka yakawa ya mgawaji.

Namna ya kufuatilia si kukariri karata zote. Ukiona 2, 3, 4, 5 au 6 imetoka, unaongeza moja kichwani. Ukiona 10, yenye picha au Esi, unatoa moja. 7, 8 na 9 unaziacha zipite. Hesabu ikipanda juu ya sifuri, zilizobaki ni nzuri kwako, unaongeza dau. Ikishuka, unaweka dau dogo kabisa. Mtoto wa darasa la tano anaweza kufanya hivyo na pakiti moja juu ya meza ya jikoni.

Wenye kasino nao si wajinga, siku hizi wanatumia pakiti sita au nane pamoja. Pakiti sita ni karata 312. Hapo lazima uigawe ile hesabu yako kwa pakiti ambazo hazijatoka. Ukiwa na sita juu na pakiti tatu zimebaki, nguvu yako ni mbili tu. Unagawanya kichwani, huku unajumlisha karata zako, huku unakumbuka mkono huu unachezwaje, huku unatabasamu kama mtu aliyekuja kustarehe.

Aliyeanzisha vita

Mtu aliyeonyesha ulimwengu jambo hili ni Edward Thorp, mwalimu wa hesabu katika chuo cha MIT huko Marekani. Alitumia kompyuta ya chuo, kubwa kama chumba, kupiga hesabu zote. Mwaka 1961 alienda Nevada kujaribu, na katika siku chache alipata kama dola 11,000. Lakini nilipowaambia vijana hili, niliwaomba pia wasikie jambo lingine: zile dola 10,000 alizoanzia hazikuwa zake. Matajiri wacheza kamari walimpa, watu ambao wangeweza kuzipoteza na kesho wanywe chai. Hazikuwa akiba ya waosha magari.

Mwaka 1962 Thorp akatoa kitabu kueleza siri yote, na kikauzwa kwa mamia ya maelfu. Kasino za Las Vegas zikaingiwa na hofu. Mwaka 1964 zikabadilisha sheria za mchezo ili kuwabana wahesabuji. Kumbe wachezaji wa kawaida wakaona mchezo umekuwa mgumu, wakaondoka mezani. Baada ya wiki chache tu kasino zikarudisha sheria za zamani.

Na sasa sikiliza lililofuata, kwa maana mimi mwenyewe nililisoma mara mbili. Meza za blakijeki zikajaa kuliko zamani. Watu waliokuwa wamesikia kwamba mchezo huu unashindika walikuja kwa wingi, wakiwa wamesoma kitabu nusu, au wamesimuliwa na shemeji. Wakahesabu vibaya, wakachoka, wakakasirika, wakaongeza dau wakati mbaya. Kasino zikapata pesa nyingi kutoka kwa waliodhani wanajua kuliko walizopoteza kwa wale wachache waliojua kweli. Kitabu kilichotakiwa kuwaua kikawa tangazo lao.

Thorp mwenyewe hakukaa sana mezani. Aliondoka akaenda kufanya biashara ya hisa.

Zoezi la maharagwe

Tulifanya jaribio siku ile niliporudi. Nilibeba pakiti sita za karata na kikombe cha maharagwe. Nikawa mgawaji. Kijana akapewa maharagwe 80, kila moja ni shilingi 500, ndiyo 40,000 yake. Mwanzoni kila mtu alinyamaza, na kwa kweli aliniacha mdomo wazi. Alihesabu sawa kabisa, na mwenzake aliyekuwa anaandika pembeni alithibitisha.

Halafu nikaomba redio iwashwe. Mwenyekiti akaanza kumuuliza habari za pikipiki ya fulani. Mwingine akampa chai. Maana kasino si jikoni usiku, ni kelele, taa, muziki, na mtu anayekuletea kinywaji. Katikati ya pakiti ya tatu hesabu yake ilikuwa imepotoka kwa tatu, na yeye hakujua. Aliongeza dau wakati alipopaswa kupunguza. Mikono 60 ilipoisha alikuwa amepungukiwa na maharagwe saba.

Nilisema wazi, na ninasema tena hapa, kwamba hiyo hasara ya maharagwe saba haithibitishi chochote. Na kama angeshinda saba pia isingethibitisha. Mikono 60 ni michache mno. Na hapa ndipo yule rafiki yangu mwalimu alinisaidia.

Tuseme kijana amekuwa hodari kabisa, hakosei kamwe. Mhesabuji mzuri kwenye meza nzuri anaweza kuwa na faida ya shilingi moja kwa mia. Dau lake kwa wastani ni 500. Basi kila mkono unamletea shilingi tano, na mikono 80 kwa saa ni shilingi 400. Hii ni kabla ya nauli ya Embu hadi Nairobi, chakula na mahali pa kulala. Lakini hiyo 400 ni wastani tu. Bahati ya saa moja inaweza kumpandisha au kumshusha kwa elfu tano kwa urahisi. Faida ni kama tone, na mawimbi ni kama ndoo. Ili faida iwe imefikia ukubwa wa mawimbi, anahitaji mikono zaidi ya elfu kumi na tatu, kama saa 165 mezani. Hiyo ni kazi ya saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mwezi mzima. Na hata baada ya mwezi huo, kati ya wahesabuji sita hodari wanaofanana, mmoja bado atakuwa na hasara, bila kosa lake lolote.

Nikamuuliza mwalimu, je, kuna hatari gani hizo 40,000 zote ziishe? Akasema, akiendelea kucheza na dau hilo hilo, bila kukosea, ni kama tatu kwa kumi. Nilipolitamka hilo, mama mmoja wa kikundi jirani aliyekuja kusikiliza akashika kichwa. Tatu kwa kumi, na mtu hajakosea! Je, akikosea?

Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini wahesabuji wa kweli ni wachache hivi, anza na wote wanaoijua ile hesabu ya kuongeza na kutoa moja. Hao ni wengi. Ondoa wale wasioweza kuifanya kwa saa nane wakizungumzishwa. Ondoa wanaoweza lakini hawana mtaji wa kustahimili miezi ya hasara. Ondoa wenye mtaji ambao roho zao hazistahimili, maana kuona laki moja ikiondoka huku unaambiwa na hesabu "endelea" si mchezo. Waliobaki ni wachache sana, na hao ndio kasino inaowatafuta ili iwafukuze.

Kasino inaogopa nini hasa?

Mtu anaweza kusema, kama ni wachache hivyo, si kasino iwaache? Lakini fikiria kasino inavyoishi. Inaishi kwa ile nusu shilingi au shilingi mbili kwa mia. Mhesabuji anageuza mambo, anaichukua yeye, na huweka dau kubwa sana wakati ule ule meza ikiwa upande wake. Wachache wenye mtaji mkubwa wanaweza kula faida ya wapotezaji wengi.

Dawa ipo rahisi, ni kuchanganya karata kila mara. Ukichanganya baada ya kila mkono hakuna cha kuhesabu. Lakini mgawaji akichanganya hagawi, na asipogawa wapotezaji hawapotezi. Kila dakika ya kuchanganya ni pesa imesimama. Ndiyo maana kasino nyingi hupendelea kumtafuta mtu mwenyewe. Kuna kamera juu ya kila meza. Wanachotazama si macho yako, ni dau lako. Anayeweka 500, 500, 500 halafu ghafla 5,000 karata zikiwa nzuri, huyo anajulikana baada ya muda mfupi.

Huko Marekani palikuwa na kampuni ya upelelezi iliyokuwa ikiweka kitabu cha picha za wahesabuji na kuziuzia kasino. Na hao wahesabuji nao wakaunda vikundi. Wengine walikaa mezani na dau dogo wakihesabu tu, wakiona mambo mazuri wanatoa ishara, na mwenzao anakuja kama tajiri mlevi na dau kubwa. Hivyo kamera haioni dau likibadilika. Vijana wa MIT katika ile sinema walikuwa na mfumo huo.

Ken Uston, mmoja wa watu hao, alifukuzwa kasino moja ya Atlantic City mwaka 1979, akaenda mahakamani. Mwaka 1982 mahakama kuu ya jimbo la New Jersey ikasema kasino haina haki ya kumzuia mtu kwa sababu tu anatumia akili yake. Alishinda kesi, na kasino za huko zikajibu kwa pakiti nyingi zaidi na kuchanganya mapema. Nevada wao wanaweza kumwambia mtu atoke tu, kama mwenye hoteli anavyoweza. Kuhesabu kichwani si kosa la jinai huko. Ni kwamba hawakutaki.

Nikisoma hayo nilikutana na kikundi kilichonigusa, kwa sababu kilikuwa cha Wakristo, na baadhi yao wachungaji, kutoka upande wa Seattle. Walijiita Timu ya Kanisa, na filamu ya habari zao ilitoka mwaka 2011. Walisema wanaichukua pesa kutoka kwa kasino, na hawaoni dhambi. Mjadala huo nawaachia maparoko. Mimi nilitazama kitabu chao cha hesabu, kama ninavyotazama vyenu. Mtu anaenda peke yake na mamia ya maelfu ya pesa ya kikundi, anarudi anasema, "Leo nimepoteza." Nani atajua kama ni kweli? Katika kamari hakuna risiti. Hata wao, watu wa sala, walifika mahali pa kumshuku mwenzao kwamba anaiba. Nilipowasomea vijana wetu hilo, mweka hazina wao, msichana asiyesema sana, aliuliza, "Kwa hiyo akirudi mikono mitupu nitaandika nini kwa kitabu?" Hakuna aliyemjibu.

Dallas mbili

Wacha niseme kidogo kando. Mtaa wetu umepewa jina la mji mkubwa wa Texas, na jamaa zetu wengi wako huko. Katika Dallas ile hakuna kasino. Sheria ya Texas hairuhusu. Basi watu wanavuka mpaka hadi Oklahoma, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari, karibu kama sisi kwenda Nairobi. Hapo mpakani kabisa kuna kasino iitwayo WinStar, ya kabila la Wachickasaw, miongoni mwa kubwa kuliko zote duniani. Imekaa palepale barabara inapoingia, kama vile duka la pembejeo linavyokaa mlangoni pa kiwanda cha chai wakati wa bonasi.

Sisi hatuhitaji hata kupanda gari. Kasino imetufuata ndani ya simu.

Pata potea na simu

Wazee wanakumbuka pata potea pale stendi na sokoni. Karata tatu, jamaa anazizungusha, wewe uonyeshe ile yenye picha. Hapo hata kuhesabu hakuanzi, kwa sababu karata inabadilishwa kwa mkono, na wale "wanaoshinda" mbele yako ni wenzake. Baadaye zikaja mashine za kamari vijijini, mpaka watoto wakawa wanaiba pesa za sukari, na mwaka 2018 serikali ikazikamata nyingi na kuzichoma. Sasa ni simu. Sheria ya zamani ya kamari ilikuwa ya 1966, na mwaka 2025 ikapitishwa Sheria mpya ya Kudhibiti Kamari. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, ingawa sote tunajua simu ya baba inalala wapi.

Vijana waliniuliza, basi si tuhesabu karata kwenye simu? Haiwezekani. Blakijeki ya programu ya simu inachanganywa na kompyuta kila mkono, kwa hiyo hakuna karata iliyotoka ya kukumbuka. Ule mchezo wa ndege inayopaa nao hauna kumbukumbu, kila mruko ni mpya. Hata kama mchezo unarudisha 97 kwa kila 100, mtu anayebonyeza shilingi 50 mara mia mbili kwa jioni ameweka 10,000, na kwa wastani ameacha 300 kila jioni. Mchezo wa haraka ndio unaokula, hata kama asilimia inaonekana ndogo.

Na ile jakpoti ya mechi 17? Mwaka 2017 Mkenya mmoja alishinda milioni 221, na ilikuwa kweli. Kila mechi ina majibu matatu. Mechi 17 zina njia zaidi ya milioni 129 za kujazwa. Anayejua mpira ana nafuu kidogo kuliko anayefumba macho, lakini nafuu ya kidogo ndani ya milioni 129 ni nini?

Kubeti mpira kwa kawaida ndiko kunakokaribia kuhesabu karata, kwa sababu kuna watu wachache duniani wanaojua kupima mechi vizuri kuliko kampuni. Na huko Uingereza na Australia, nchi za kubeti kwa miaka mingi, wamelalamika jambo lile lile la Uston. Mtu akianza kushinda mfululizo, kampuni inapunguza dau lake. Alikuwa anaweka mia, anaambiwa mwisho ni shilingi mbili. Anayepoteza hupewa zawadi, ujumbe wa "tumekukosa", na beti ya bure.

Nilimwomba kila kijana afungue simu yake palepale aangalie jumbe za kampuni za kamari. Mmoja alikuwa na 31 za mwezi huo. Zote zinamkaribisha. Hakuna hata moja ya kumfukuza. Walicheka, halafu wakanyamaza.

Swali lingine lililotoka ni la wale wanaouza "tips za uhakika" kwa shilingi 200. Mhesabuji wa kweli anajificha. Anavaa kofia, anajifanya mlevi, anabadilisha jina, kwa sababu akijulikana tu kazi imekwisha. Sasa huyu anayepiga kelele kwenye simu za watu elfu tano kwamba ana siri, anajificha wapi?

Kura ilivyokwenda

Kikundi kilipiga kura Jumamosi iliyofuata, mimi sikuwepo, na nilifurahi kutokuwepo. Waliokataa walikuwa 11, waliokubali 6. Kijana mwenyewe hakupiga. Pia waliongeza mstari kwenye katiba kwamba pesa ya kikundi haitatoka bila sahihi tatu na risiti ya kitu kilichonunuliwa, na mtu akishindwa kuleta risiti anahesabiwa kama aliyekopa. Mashine ya maji bado hawajanunua, ile waliyoiona Nairobi ilikuwa imepanda bei, na wengine wamesema 64,000 zikilala sana zitapata miguu. Nimewashauri waanze na tangi.

Kijana bado anahesabu karata usiku. Aliniambia sasa ameweza pakiti sita redio ikiwa wazi. Sikumkataza. Anatumia maharagwe.

Vikundi vinavyotaka kufanya zoezi hili viniandikie kupitia ofisi ya maendeleo ya parokia yenu, angalau wiki mbili kabla. Mkutano unachukua saa mbili na nusu. Leteni pakiti sita za karata (za zamani zinafaa, mradi hazijapungua), kikombe kimoja cha maharagwe, daftari, na mtu mmoja wa kuandika hesabu pembeni bila kusema neno. Pesa taslimu mezani hapana, hata ya kujaribu. Na mweka hazina lazima awepo.